Shingo ya Mtaro

9 Februari

Kwako Kifutio, mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Huku sote wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi unadai haki zake kila nikisimama sana nyuma ya kiti cha mteja. Najua utauliza kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani badala ya kupiga simu. Dada yako simu anaipokea dukani, na saluni ina masikio mengi kuliko vichwa. Hata ujumbe nikiufungua, mteja anausoma pamoja nami kupitia kioo. Barua nampa dereva wa basi, rafiki wa shemeji yako. Huyo umbea haumshughulishi, anachojua ni bei ya dizeli tu.

Nina habari. Wiki hii wamepita vijana wa ofisi yenu na futi ndefu na kopo la rangi nyekundu. Wanasema utachimbwa mtaro mkubwa wa kubeba maji yanayoteremka kutoka barabara ya juu. Tumefurahi mno. Tangu barabara ile iwekwe lami, mvua inawanyeshea wa juu na deki tunapiga sisi wa chini. Jirani yangu Mama Vifungo, fundi cherehani, alipiga vigelegele mpaka akamwamsha mama yake. Huyo Bibi miguu yake imekataa kutembea, analala nyuma ya duka la bintiye, ukuta mmoja na mimi, na ukuta wenyewe ni mbao. Mteja wangu akilalamika kidogo ninapomvuta nywele, Bibi anaita kutoka upande wa pili, "Msusi! Huyo unamsuka au unamchinja?" Basi hapo duka zima hoi kwa kicheko, na mimi napoteza mstari.

Sasa sikiliza. Ile rangi nyekundu imepakwa kwenye nguzo ya baraza langu. Barazani ndiko yaliko masinki, benchi la wateja na mashine ya kukaushia nywele. Ndani panatosha kiti kimoja na mimi mwenyewe nikijibana. Wakilibomoa, nimebaki na kibanda cha kuuzia njugu.

Wewe ndiye mwenye kalamu. Sikwambii ufanye nini. Nakwambia tu alama iko wapi.

Dada yako,
Msusi


23 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu mezani mpaka mwenzangu akaniuliza kuna nini. Mpe Bibi pole kwa kelele za wateja wako, na umwambie kuna mtu mbali anamuunga mkono.

Kwanza nakuomba kitu. Usimwambie mtu yeyote hapo mtaani kwamba mchoraji wa mtaro ni mdogo wako. Ofisini mwenye ndugu kwenye njia ya mradi anatakiwa aseme, na akisema, kazi hupewa mwingine. Mimi sijasema. Nafuu ni kwamba tangu uhamie hapo sijafika hata mara moja, hakuna anayenijua sura.

Huku tunabishana juu ya mvua. Usicheke. Mezani kwetu zipo mvua mbili. Ya kwanza ni ya vitabuni: imepimwa miaka mingi pale kituo cha hali ya hewa, na mitaro yote ya mji imechimbwa kwa kuifuata. Ya pili ni ile ambayo wataalamu wanasema inakuja. Dunia inapata joto, na hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko yenye baridi, na siku ikiutua mzigo huo inautua kwa mkupuo. Huenda kwa mwaka mzima mvua isiongezeke sana, ila ile iliyokuwa ikinyesha mchana kutwa itamwagika kwa saa moja. Kwa ukubwa gani hasa, hakuna anayeweza kuapa. Ndiyo maana Mkuu wangu anaiita mvua ya ramli. Mimi naiamini. Nimeuchora mtaro wenu kwa mvua hiyo ya pili, na Mkuu, baada ya kununa, amekubali. Utakuwa mpana, mabaraza ya jirani zako yatakwenda, lakini watu watalala.

Kuhusu lile jambo lako, nimepata njia. Baraza lako litabaki. Kipande hicho nimekipigia hesabu upya, na maji yanapita.

Msalimie shemeji. Mwambie gari lake likiwa bovu asilisukume peke yake, umri umekwenda.

Mdogo wako,
Kifutio


4 Mei

Kifutio mpenzi,

Mikono yako ibarikiwe. Mtaro umekwisha na baraza langu limesimama wima kama bwana harusi. Shemeji yako anapita akiligonga gonga nguzo na kusema, "Kumbe kuoa familia ya wasomi kuna faida." Nimemtishia nitamnyoa kipara akithubutu kusema hivyo mbele za watu.

Ngoja nikueleze mtaro unavyoonekana, maana wewe umeuona kwenye karatasi tu. Kutoka juu unakuja mpana hasa, mtu akilala ndani anajinyoosha. Unapita mbele ya fundi viatu, unapita mbele ya Mama Vifungo. Ukifika kwangu unajibana ghafla kama mtu anayepita katikati ya viti, umefunikwa zege juu, halafu mbele yangu unafunguka tena na kuendelea kwenda mtoni. Watoto wameshakipa jina kile kipande. Wanakiita shingo.

Baraza la Mama Vifungo wamelivunja lote. Cherehani yake ilikuwa inakaa pale penye mwanga, sasa ameiingiza ndani, na kitanda cha Bibi kimesukumwa nyuma kabisa, kule chini kidogo, unashuka ngazi. Hakulalamika. Alisema mtaro ni wa wote, acha tuumie kidogo. Ila jana aliniuliza huku anatunga uzi kwenye sindano, "Jirani, wewe una dawa gani? Mtaa mzima umekatwa pua, wewe peke yako umebaki nayo."

Nilimjibu ni bahati. Nikaingia ndani kutafuta chanuo ambalo lilikuwa mkononi mwangu.

Dada yako,
Msusi


12 Novemba

Kifutio,

Nakuandikia kwa ufupi. Huenda umesikia redioni kwamba huku mvua ilikuwa kubwa. Usiwe na wasiwasi. Maji yaliingia kidogo, tumepiga deki, mashine ya kukaushia nywele tumeianika. Shemeji yako mzima. Mimi mzima.

Saluni nimeifunga kwa muda kwa sababu kuna shughuli hapa mtaani.

Usije. Barabara mbaya.

Dada yako


17 Novemba

Dada,

Shikamoo. Barua yako na taarifa ya ofisi vimenifikia mezani asubuhi moja. Barua inasema maji yaliingia kidogo. Taarifa inasema amefariki mtu mmoja, mwanamke mzee asiyejiweza, nyuma ya duka la ushonaji.

Ni Bibi? Niambie si Bibi. Najua ni yeye. "Shughuli hapa mtaani" ni msiba, na wewe ukaona bora kunificha mimi. Kwa nini, dada? Tangu lini mimi na wewe tukafichana kifo?

Ofisini wamepoa kabisa. Kituo cha hali ya hewa kimethibitisha kwamba mvua kubwa kama ile haijawahi kupimwa hapo. Mkuu, yule yule aliyekuwa akiiita ya ramli, sasa anazungumza juu ya mabadiliko ya tabianchi kama aliyezaliwa nayo. Amenipongeza mbele ya wenzangu kwamba mtaro wangu ndio uliookoa sehemu kubwa ya mji. Walinipigia makofi. Nilitabasamu, dada. Mdomo wangu ulitabasamu wenyewe.

Wiki ijayo tunakuja kufanya mkutano na wananchi. Nitakuwa meza ya mbele. Nakusihi, siku hiyo usinijue.

Nakuomba pia unieleze maji yalitokea upande gani, na yalisimama wapi.

Mdogo wako


20 Novemba

Kifutio,

Unataka kujua maji yalisimama wapi. Yalisimama kwa Mama Vifungo.

Ilikuwa alasiri. Mama Vifungo alikuwa ametoka kupeleka sare alizoshona, akaniambia, "Jirani, niangalizie mama." Sikuona ajabu, ananiachia kila siku. Mbingu ikafunguka. Si mvua ninayoijua mimi. Ilikuwa kama mtu amepindua pipa. Muda si muda maji mekundu yakashuka kutoka barabara ya juu, mtaro ukayabeba vizuri, nikasimama mlangoni nikijisemea moyoni, kazi ya mdogo wangu hiyo. Mteja alikuwa kwenye kiti, kichwa nusu. Nikarudi kusuka.

Bibi akaita ukutani. "Msusi, sakafu imelowa huku."

Nikamjibu, "Nakuja Bibi, namalizia mstari."

Nilidhani ni paa linavuja, maana paa lao huwa linavuja. Nikamaliza mstari. Nikaanza na mwingine, nadhani. Sikumbuki vizuri, au nakumbuka na sitaki. Akaita tena, jina langu tu, bila utani. Nilipotoka barazani nikaona maji yamefika shingoni yakagoma. Yamesimama, yanazunguka, na kwa kuwa yanatoka juu hayana adabu ya kungoja, yalikuwa yanaingia mlangoni kwa Mama Vifungo kama wateja siku ya mkesha wa sikukuu. Kwangu upande wa pili, juu ya baraza, yalifika kwenye vifundo vya miguu. Kwake yalikuwa kifuani. Mimi, fundi viatu na mteja wangu mwenye kichwa nusu tuliusukuma mlango wa ndani wa kuingilia kwa Bibi, haukufunguka. Walipokuja wenye shoka, kule chini kwenye ngazi palikuwa pamejaa hadi juu.

Ndiyo hivyo. Kwenye msiba nilipika, niliosha vyombo, nilimshika Mama Vifungo asianguke. Watu wananiambia asante kwa kumsaidia jirani yako. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na maiti mwenyewe ni mimi. Ile "nakuja" sijamwambia mtu. Umeisikia wewe tu.

Sasa na mimi nina swali. Mtaro ule unabanwa kwangu kwa sababu gani? Najua nilikuandikia kuhusu nguzo. Lakini mimi ni msusi, sijui mambo ya zege. Labda chini kuna mwamba. Labda kuna bomba. Niambie kuna bomba.

Dada


28 Novemba

Dada,

Hakuna bomba.

Sijui nianze kwa salamu gani baada ya jana, kwa hiyo nitakujibu kwanza ulichouliza. Mtaro mzima niliuchora kwa mvua inayokuja. Kipande cha mbele yako peke yake nilikipigia hesabu kwa mvua ya vitabuni, ile ya zamani, kwa sababu kwa mvua hiyo upana mdogo ulitosha na baraza lako likapona. Kanuni bado zinaruhusu kuitumia ile ya zamani. Hakuna sheria niliyovunja. Nilikuwa na mvua mbili mezani, moja nikauchagulia mtaa na nyingine nikamchagulia dada yangu. Na nilijua ni ipi ya kweli. Mvua ikaja, ikaikuta shingo.

Jana ukumbini nilikuona kabla hujakaa. Umekonda. Ulikaa nyuma kule karibu na dirisha, kitambaa umekivuta mpaka kwenye nyusi. Mkuu alipomaliza kuhutubia, kwamba hii ni tabianchi, ni dunia nzima, hakuna wa kulaumiwa, nilidhani tumepona. Kisha akasimama yule mama mwenye nguo nyeusi. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa na sindano imechomekwa kifuani kwenye gauni, amesahau kuitoa.

"Mimi nauliza jambo dogo," alisema. "Hiyo tabianchi ndiyo iliyobana mtaro mbele ya saluni?"

Mkuu akanisukumia kipaza sauti. Nikaeleza kuhusu miteremko na viwango, maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa. Akaningoja nimalize. Akauliza, "Wewe binti mchoraji, una ndugu yeyote mtaa wetu?"

Nikasema, "Hapana, mama. Sina ndugu hapa."

Wewe ulikuwa unanitazama. Nilipotazama tena ulikuwa umeinamisha kichwa. Mkutano ulipokwisha nilipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa, nikazipanga tena, ili nisikuone ukitoka.

Umenilea, dada. Uliacha shule ili mimi niendelee. Nimesimama hatua chache kutoka ulipo nikasema sina ndugu.

Nitazame unavyotaka.

Kifutio


3 Desemba

Kifutio,

Barua nimeisomea chooni, nimepiga komeo. Mtu mzima mwenye duka lake, anasoma barua ya mdogo wake chooni.

Usijibebeshe ya ukumbini peke yako. Wewe ulinikana kwa mdomo, mimi nilikukana kwa kunyamaza. Ningesimama pale nyuma nikasema, "Huyo ni wangu," mambo yangekwisha. Miguu ilikuwepo, mdomo ulikuwepo. Nilitamani ardhi ipasuke, haikupasuka, nikaenda nyumbani.

Na kuhusu shule, usilete habari hizo. Nilikupa shule, kisha nikaja kudai malipo kwa nguzo ya baraza.

Usiniandikie kwa sasa. Si hasira. Kila barua yako naificha, na mahali pa kuficha pamekwisha.

Dada


19 Januari

Dada,

Shikamoo. Ulisema nisiandike, na nimejizuia nilivyoweza. Lakini hili si vizuri ulisikie kwa watu.

Nimewaambia. Nilikwenda kwa Mkuu kwanza. Alikuwa anakunywa chai. Nilipomaliza kuzungumza alifunga mlango, akasema kwa upole kabisa, "Binti, kanuni ilikuruhusu. Ripoti ya ofisi imekusafisha. Nani amekuuliza?"

Nikamwambia, "Kuna mama aliniuliza, nikamjibu uongo."

Akaniambia niende nyumbani nikapumzike, nimechoka. Sikupumzika. Nikaenda kwenye kamati inayochunguza mafuriko yale nikasema yote: mvua mbili, kipande kimoja, na kwamba mwenye saluni ni dada yangu wa tumbo moja. Ombi lako sikulitaja. Nilisema nilifanya kwa hiari yangu, kwa mapenzi ya ndugu, na wewe hukujua lolote.

Sasa nimesimamishwa kazi mpaka shauri liamuliwe. Wenzangu walionipigia makofi wananipisha kwenye korido kama mwenye ndui. Mmoja aliniambia nimewaharibia wote, kwa kuwa jibu la tabianchi lilikuwa linatutosha. Ndilo linaloniumiza zaidi, dada: ni jibu la kweli. Mvua ile ilikuwa kubwa kweli, na zitakuja kubwa kuliko hiyo. Nilikuwa nawaambia hivyo kila siku. Asiyejua akisingizia mvua, unaweza kumwelewa. Mimi nilijua, na bado nilitaka kujifunika nayo.

Shingo itavunjwa kabla ya mvua za Machi. Baraza lako litakwenda nayo. Siwezi kuliokoa tena, na hata ningeweza nisingeliokoa.

Nikisema samahani kwako, naiona ndogo. Kwa Mama Vifungo sijui hata naanzia wapi.

Mdogo wako,
Kifutio


22 Machi

Mdogo wangu,

Nimekaa kimya muda mrefu na najua umeteseka. Na mimi pia. Leo nina mengi, kaa chini.

Barua yako ya Januari ilinikasirisha. Si kwa uliyoyasema, kwa uliyoyaacha. Unanificha tena nyuma ya baraza. Eti sikujua lolote! Sijui kusoma zege, lakini najua maana ya kumwambia mtu alama iko wapi. Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikamwambia: mchoraji ni mdogo wangu, na niliyemwomba ni mimi. Alinitazama kama nimemmwagia maji ya moto. Nikamwambia ayafikishe kwenye kamati yenu, na nikatoka kabla hajapata la kusema, maana kazi yenyewe ilikuwa bado. Kazi yenyewe ilikuwa mlango wa pili.

Mama Vifungo alikuwa anapinda pindo la suruali. Nilisimama. Hakunikaribisha kukaa, na mimi sikukaa. Nikamweleza habari ya mtaro yote. Hakuacha kushona. Nilipomaliza akasema:

"Hilo nalijua."

"Unalijua?"

"Tangu ukumbini. Yule binti aliposema hana ndugu nilimtazama, kisha nikageuka nikakutazama wewe. Pua ni moja. Nilikuwa nangoja useme. Umechelewa, lakini umesema."

Ningeweza kuishia hapo, Kifutio. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi na nilikuwa nimeshapewa nafuu. Lakini nikamwambia na ile nyingine. Nikamwambia mama yake aliniita, na kwamba nilimjibu nakuja, namalizia mstari.

Hapo ndipo sindano iliposimama. Hakulia. Aliniuliza, "Aliita mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na mara ya pili alisemaje?"

"Aliita jina langu tu."

Akainuka, akaingia nyuma kule kwenye ngazi, akafunga mlango. Nilingoja mpaka nikaona aibu ya kungoja, nikaenda zangu.

Tangu siku hiyo hakunisemesha. Mtaa nao ukajua. Wateja wengine wakahama. Fundi viatu akawa anaitikia salamu yangu kwa kiatu, anakigonga tu bila kuinua uso. Sikumlaumu mtu. Shemeji yako alitaka kwenda kugombana na wote, nikamwambia kaa chini, hukuwa na kichwa cha mtu mkononi siku ile.

Vijana walipokuja kuvunja baraza niliwaomba nyundo. Walicheka, wakadhani natania. Nguzo ya kwanza niliipiga mimi. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, na nilipoishiwa nguvu wakanimalizia. Sasa nina kiti kimoja na sinki moja. Maji machafu nayatoa kwa ndoo. Mteja mmoja akikaa, wa pili anasimama nje. Tunaendelea hivyo.

Juzi mvua ikaja. Mchana, kama ile, ya kupindua pipa. Nikamwacha mteja, safari hii sikumaliza mstari, nikasimama mlangoni. Mama Vifungo naye alikuwa mlangoni kwake. Baina yetu hakuna baraza tena, tuko hatua moja tu. Maji yakashuka mekundu kutoka juu, yakapita kwake, yakaja kwangu, hayakusimama. Yakaenda. Tulitazama wote wawili. Yalikuwa yanapanda, Kifutio. Mtaro ulibakiza shubiri moja tu kujaa, nilipima kwa mkono wangu mvua ilipotulia. Wewe mwenyewe ulisema zitakuja kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo usidhani tumemaliza, na watu wa ofisi yenu wasidhani hivyo. Hata kama hawakutaki mezani, hilo wapelekee.

Nilipokuwa bado nimeinama kwenye mtaro nikasikia sauti yake juu yangu. Sauti ya kazi, kama anayeuliza kipimo cha kiuno.

"Mdogo wako anakuja lini?"

Nikasema sijui, anaona haya.

"Ni vizuri aone," alisema. "Lakini akija, asipite mlangoni kwangu bila kupiga hodi."

"Utamkaribisha?"

"Hilo ni langu. Lake ni kupiga hodi."

Akaingia ndani, nikaisikia cherehani.

Sikudanganyi kwamba mambo yamekwisha. Sijui atakujibu nini, na mimi mwenyewe bado hajaniita jirani. Lakini basi la Ijumaa lina nafasi, dereva nimeshamwambia. Njoo upige hodi. Mimi nitasimama nyuma yako, na safari hii, akiuliza tuna undugu gani, nitajibu mimi.

Dada yako